Sauti kutoka Kalima

Nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo majirani zangu wa mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, huniamini katika mambo nisiyoyajua. Hili nililolisikia kwa masikio yangu ndilo wanalonikatalia. Wewe nisikilize tu.

Alasiri moja ya jua kali familia yetu ilikutana kwa video kuamua jambo moja: tumfanyie matanga kaka yangu Saidi, au tuendelee kumngoja? Alikwenda Kalima kuchimba madini, vita vikamkuta huko. Miaka ile ambayo Kindu haikuingilika wala kutokeka, tulimpata kwa foni tu, redio ya mawasiliano iliyokuwa dukani. Unasema yako, unamalizia "à vous", ndipo mwenzako ajibu. Mazungumzo yakiisha kabisa, unasema "terminé". Mimi msomi nilikuwa namkatiza kila mara, akanipa jina la Profesa Haraka. Siku ya mwisho redio ilinyamaza katikati ya maneno yake.

Basi alasiri hiyo mtandao ulisuasua. Dada yetu wa Kinshasa aliganda mdomo wazi. Mjomba wa Lubumbashi alisikika kama mtu anayesukutua. Nikajifanya fundi. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikashusha ubora wa picha, nikaushusha tena, mwisho nikazima picha zote ibaki sauti peke yake.

Hapo kikatokea kidirisha kingine, cheusi, kisicho na jina.

"Allô Kindu, allô Kindu. Hapa Kalima. Profesa Haraka, uko na mama? À vous."

Niambie, nani mwingine angelijua jina lile?

"Kaka! Uko wapi? Uko na..."

Mama, aliyekaa kando yangu, akanifinya paja. "Acha haraka yako!" Akaiinamia simu, akasema taratibu, kama anayemwita mtoto aje kula: "Saidi mwanangu, tunakupata. Banataka kukufanyia matanga. Uko muzima ao ulishakufa? Sema tu, sitalia. À vous."

Mvumo wa redio. Kisha: "Nimekupata, mama. Mimi..."

Niamini, mkono wangu haukuniuliza. Nilitaka kumwona uso. Wewe usingetaka? Nikarudisha picha, nikapandisha ubora hadi juu kabisa. Kidirisha cheusi kikatoweka. Mahali pake akajitokeza mjomba, safi kama picha ya pasipoti, akichokonoa meno.

"Ule alikuwa nani?" akauliza, kijiti kikamponyoka. Dada alikuwa akilia.

Tangu hapo, ili sauti ile irudi, nimepunguza kila kinachopunguzika kwenye simu. Hakuna.

Matanga hayajafanyika. Mjomba akipiga kusisitiza, mama humjibu, "Hajasema terminé." Kila alasiri anakaa na simu yangu, picha zimezimwa, na mimi sina ruhusa ya kuigusa.

Nawe, mtandao ukidhoofika na sauti ya mtu wako ikakufikia, tosheka na sauti. Uache uso. Ngoja zamu yako. Siku hizi hata mama ananiita Profesa Haraka, na hacheki.