Nyumba Iliyoonyeshwa Jumapili Tu

Zaituni alizaliwa katika nyumba ya kupanga, akaolewa katika nyumba ya kupanga, na watoto wake wote akawazaa huko huko, mtaani Nyamugari, mjini Gitega. Utoto wake ulikuwa wa kuhama: godoro kichwani, sufuria mkononi, mama yake mbele akinung'unika. Kuhama huko kulimfundisha kutomwamini mtu haraka. Mwenye nyumba akikuamkia kwa tabasamu asubuhi na mapema, Zaituni alikuwa akisema, jua kodi imepanda.

Alimwamini mtu mmoja tu. Bi Mwajuma, mama mtu mzima aliyewapangisha vyumba viwili na baraza, alikuwa akimwita mwanangu. Barazani hapo Zaituni alishona mapazia, na mumewe Uthmani alitengeneza masofa. Tangu Gitega ifanywe makao makuu ya nchi, watu wa ofisi walimiminika na masofa yalinunuliwa kweli kweli, lakini kodi nazo zilipanda kama maziwa motoni. Mwaka huo peke yake Bi Mwajuma alipandisha mara mbili, kila mara akiomba msamaha.

Siku moja Uthmani alirudi uso umechangamka.

"Mama Husni, nimepata nyumba. Iko hapa hapa, chini ya msikiti. Vyumba vitatu na uwanja. Bei yake ni kodi yetu ya miaka saba. Na hapa tumekaa miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Umeona? Tungekuwa tumenunua na kubakiza."

Zaituni aliacha kushona. "Nyumba ya Nyamugari, bei hiyo? Hapana, Baba Husni. Rahisi ni ghali. Mule ndani iko na kitu."

Muuzaji aliitwa Josephat, kijana aliyekulia Tanzania na wazazi wake wakimbizi. Kiswahili chake kilikuwa laini, kila sentensi imepigwa pasi, na ulaini huo Zaituni haukumpendeza. Aliwapeleka kuona nyumba Jumapili asubuhi. Kuta zilikuwa nzuri, bati zima. Lakini nyuma ya uwanja kulikuwa na chumba kimefungwa kwa kufuli, na kutoka mlangoni kwake kulinukia kitu kitamukitamu, kama ndizi zilizooza.

"Hiki ni nini?" Zaituni aliuliza.

"Stoo tu, dada. Vitu vya marehemu baba."

Akaomba waje tena Jumatano. Josephat akasema Jumatano ana safari. Alhamisi je? Rangi haitakuwa imekauka. Wakakubaliana Jumapili nyingine, saa ile ile. Zaituni alimwuliza jirani wa ukuta mmoja, mwanamke aliyekuwa akianika nguo, kama nyumba ile ina neno. Yule mwanamke alicheka kidogo, akabeba beseni lake. "Umuulize mwenyewe," akasema, akaingia ndani.

Usingizi ulimpungua. Ili wanunue, ilibidi Uthmani auze shamba lake la Buraza, alilorithi kwa baba yake, shamba lililowapa maharage kila msimu. Zaituni aliigeuza hesabu hiyo kichwani akiwa kwenye cherehani. Mpangaji akikosana na mwenye nyumba, anafunga godoro lake anaondoka. Aliyenunua akikosana na ukoo wa muuzaji, anaondoka kwenda wapi? Shamba limekwenda, franga zake zimekwenda, na nyumba iko mahakamani.

Alimpelekea Bi Mwajuma siri hiyo, kama alivyompelekea siri zake zote. Bi Mwajuma alimshika mkono.

"Mwanangu, uchunge. Nyumba ile iko na kesi. Yule kijana iko na dada yake kule Giteranyi, hajakubali kuuza. Mkitoa franga tu, anakuja kuwatoa. Mbaki kwangu. Mimi nimewafanya nini?"

Zaituni alirudi kwake ameridhika kwamba hofu yake ilikuwa na msingi. Ila alipokaa kushona, swali likamchoma: Bi Mwajuma alimjuaje dada wa Josephat, wakati Josephat mwenyewe hajapata kumtaja?

"Nakwenda Giteranyi," alimwambia mumewe.

"Kwenda kutafuta nini?"

"Mtu mmoja hapa ananidanganya. Nataka kujua ni nani."

Mafuta yalikuwa haba, na gari la kwenda Muyinga lilikaa stendi hadi jua likawa kali. Kutoka Muyinga alipanda pikipiki, akamwuliza dereva njia ingawa dereva ndiye aliyeijua, na kila kona alitaka kuhakikishiwa kwamba hawajapotea. Pale senta ya Giteranyi, jina la Josephat wa Gitega lilitosha. Alionyeshwa nyumba ya dada yake, Jeska, akamkuta anapepeta maharage. Jeska naye alikulia Tanzania, na alimkaribisha kwa Kiswahili kile kile kilichonyooka.

"Kesi?" Jeska alishangaa. "Mimi na kaka yangu hatuna kesi, dada. Nimekubali auze. Anataka kununua shamba huku, tulime pamoja."

"Basi kwa nini bei iko chini hivi?"

Jeska aliweka ungo chini. "Hajakuambia habari za mama?"

"Mama gani?"

"Mama yetu, Efrazia. Anaishi kwenye kile chumba cha nyuma. Anapika urwarwa, pombe ya ndizi, anauza. Kila mnunuzi anataka atoke, na mama hatoki. Anasema amekimbia nchi mara mbili, ya tatu atatoka amebebwa. Sharti letu ni hilo tu: anayenunua aishi na mama. Josephat anaona aibu, ndiyo maana anaonyesha nyumba mama akiwa kanisani."

Zaituni hakujua acheke au akasirike. Kisha Jeska akaongeza, "Hata yule mama wa huko kwenu alinipigia simu. Alitaka kuinunua apangishe, lakini mama atoke kwanza. Nikamkatalia. Alijiita Mwajuma."

Kurudi, Zaituni hakumwuliza dereva wa pikipiki njia hata mara moja.

Kesho yake, Jumanne, alikwenda kwenye ile nyumba bila kumwarifu Josephat. Kufuli halikuwapo. Wanaume wawili walikuwa wamekaa na chupa zao, na mukecuru, bibi kizee mmoja mwembamba, akachungulia mlangoni.

"Ni we unataka kunitoa?" Efrazia aliuliza.

"Mi nataka kununua. Kukutoa sijasema."

"Waislamu hamupendi pombe yangu."

"Hatupendi. Wanaokunywa wapitie mlango wa nyuma, na Ramadhani ufunge biashara."

Mukecuru alimkazia macho. "Ramadhani nitafunga. Miezi mingine usiniguse."

Josephat alipokuja, Zaituni alimwuliza kwa nini alimficha mama yake mzazi.

"Ningekuambia, dada, ungekuja?"

Zaituni alifikiri, akaona kwamba asingekuja.

Shamba la Buraza likauzwa. Zaituni hakukubali franga zitoke mpaka Jeska aje mwenyewe kutoka Giteranyi, na mukecuru aseme kwa kinywa chake, mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, na majirani, kwamba nyumba imeuzwa na chumba ni chake hadi kufa. Yule jirani wa beseni naye aliitwa kuwa shahidi, apende asipende.

Kwa Bi Mwajuma alikwenda kuaga peke yake. "Giteranyi nimefika," alisema. Bi Mwajuma akashusha macho.

"Nilitaka nyumba, kweli. Lakini hata nyinyi sikutaka muende."

Zaituni akaona huenda yote mawili yalikuwa kweli. Alimshukuru kwa miaka ile, akatoka.

Mvua za kwanza ziliangusha ukuta wa jiko. Uthmani alisimama kwenye tope, akauliza kwa mazoea, "Mwenye nyumba ameambiwa?" Zaituni akamwonyesha yeye mwenyewe kwa kidole. Mwaka huo maharage waliyanunua sokoni kama watu wengine, na akiba ya mapazia ikaishia kwenye matofali. Zaituni alikuwa bado anatafuta franga za fundi pale Efrazia alipotoka chumbani, akamwekea nusu ya gharama mkononi, akarudi kwenye mapipa yake bila kuombwa wala kusema kitu.

Siku nzima Zaituni alishona huku akijiuliza mukecuru yule anataka nini.