Fundi viatu na ratiba ya mlo wa mtu mmoja

Saa tisa alasiri, fundi viatu anainama chini ya benchi lake na kuvuta makopo mawili. La kwanza ni la gundi. La pili limefungwa kifuniko kwa ukanda wa mpira wa tairi, na ndani yake maharage yanalowa tangu asubuhi. Analifungua, anamwaga maji machafu mtaroni, anatia mengine safi kutoka kwenye chupa, anafunga. Kisha anarudi kwenye buti lililofumuka ubavuni.

"Ipo siku utachanganya hayo makopo," anasema mnoa visu wa kibanda cha pili, bila kuinua macho kwenye jiwe lake. "Tutakukuta umenata kwenye sufuria."

"Nikinata, nitakuwa nimenata nimeshiba."

Maharage yaliyolowa kutwa huiva kwa nusu ya mkaa. Hilo fundi hakufundishwa na mtu; alilijua baada ya kuunguza magunia mawili ya mkaa akipika maharage makavu kama misumari.

Ana umri wa miaka hamsini na sita. Wenzake wanamwita Kisigino, na jina hilo amejitafutia mwenyewe, kwa sababu hataji bei ya chakula kwa fedha. Kilo ya maharage kwake ni visigino vitatu. Mayai sita ni visigino viwili. Robo kilo ya nyama, anayokula Jumapili tu, ni visigino vinne na manung'uniko.

"Fedha ukilala nayo inaamka imekonda," anasema. "Kubandika kisigino ni jasho lilelile la jana. Ndiyo maana napimia hicho."

Siku njema hubandika visigino kumi na viwili. Siku mbaya, vinne. Theluthi ya anachopata ni kodi ya chumba, theluthi ni ada ya binti yake aliye chuoni, na theluthi inayobaki ndiyo inayoingia jikoni. Ili isitoke nje ya mstari, amegongomelea ukutani, juu ya jiko, ubavu wa boksi la viatu wenye ratiba ya wiki nzima iliyoandikwa kwa penseli. Jumatatu viazi na kabichi. Jumanne maharage na wali. Jumatano maharage yaleyale, yakiwa mchuzi wa kuchovyea mkate. Alhamisi dengu, kwa sababu dengu huvimba na kumpa mtu heshima asiyoilipia.

Miaka minne iliyopita, fundi huyu alilijua jiko kwa mlango wake tu.

"Marehemu mke wangu alikuwa haniruhusu hata kuchochea moto. Alisema mikono yangu inanuka ngozi." Anaitazama mikono hiyo. "Kweli inanuka. Lakini yeye alikula nayo sahani moja miaka ishirini na miwili."

Mke alipofariki, na binti yao wa pekee akaenda kusomea kazi ya maabara katika mji ulio mbali kwa safari ya kutwa nzima ya basi, fundi alibaki na chumba, kitanda na sufuria tano. Asubuhi alikunywa chai. Jioni alikula mkate, amesimama dirishani. Aliona aibu kutandika meza kwa ajili yake mwenyewe, kana kwamba angefumaniwa.

Alipungua kilo tisa. Siku moja nyundo ikamtoka mkononi na yeye akaifuata chini. Mnoa visu alimbeba hadi zahanati, ambako muuguzi alimpima kila kinachopimika, kisha akaweka kalamu chini.

"Baba, wewe huna ugonjwa," alimwambia. "Una njaa. Mtu mzima una kazi, una jiko, una njaa! Ukiendelea hivi, mara nyingine hutaletwa hapa, utapelekwa moja kwa moja."

Ni binti ndiye aliyebuni dawa. Alikuja likizo na vikombe viwili vya bati, pacha, kila kimoja na mstari wa buluu mdomoni. Kimoja akamwachia baba, kimoja akaondoka nacho, kiwe kipimo cha mlo wa mtu mmoja. Wakakubaliana hivi: kila mwanzo wa mwezi wote wawili wananunua vitu vilevile kwa kipimo kilekile, mchele kilo nne, maharage kilo mbili, dengu kilo moja. Kila Jumamosi wanapanga ratiba kwa simu. Kila jioni saa moja, baba huku na binti kule, kila mmoja anapakua chakula kilekile na kula simu ikiwa mezani, sauti wazi.

"Leo chumvi imezidi, mama," fundi angesema. Humwita binti yake mama, kama baba wengi.

"Yangu iko sawa. Wewe Baba unatia chumvi kama unatia misumari."

Kwa miaka miwili fundi alikula kila jioni, akanenepa, akaanza kumwelekeza mke wa mwenye nyumba jinsi ya kukata kabichi. Alivuliwa kofia kwa hilo, na kuitwa mjuaji pia.

Lakini watu wanaonunua sawa na kupima sawa huishiwa siku moja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ilikuwa mwezi Juni, tarehe ishirini na saba. Fundi alitazama ndani ya ndoo ya mchele, akauliza tu, kama mtu anayeulizia mvua: "Mama, mimi nimebakiwa na vikombe viwili. Wewe je?"

"Bado mwingi, Baba. Hata nusu haujafika."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia kwenye ndoo. Fundi anasema alisikia kijiko kikigonga sahani mara moja, kisha kikatulia.

"Unakula nini sasa hivi, mama?"

Binti akaanza kulia. Alieleza kwamba tangu mwisho wa Januari yeye na wenzake watatu wanapika pamoja saa kumi, wakitoka maabara. Saa moja inamkuta ameshiba. Hakuwa na moyo wa kumwambia baba yake, kwa kuwa alijua nini kingefuata. Kwa hiyo alikuwa anakaa na sahani tupu, anaikwangua kwa kijiko, ili baba asikie na ale.

"Miezi mitano," fundi anasema, akitoa msumari mdomoni ili aseme vizuri. "Miezi mitano nimekula na kijiko."

Hakumgombeza. Anasema angemgombeza kwa kosa gani? Kwa kuwa na marafiki? Alimwambia tu asimkwangulie tena sahani, akamtakia usiku mwema, akamwaga chakula chake. Kesho yake hakuloweka kitu.

Siku kumi jiko halikuwaka. Binti alipiga simu kila jioni.

"Umekula, Baba?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Chai na mkate vilirudi, na dirisha. Siku ya tisa fundi alishona soli ya kiatu cha kulia kwenye kiatu cha kushoto, kosa ambalo hakulifanya hata akiwa mwanagenzi. Mteja aliondoka akimtazama kama mtu anayetazama nyumba yenye ufa.

Mnoa visu si mtu wa maneno laini. Kazi yake ni makali. Ameishi peke yake tangu ujana, hula chapati baridi kibandani na hujisifu kwamba hajawahi kuosha sufuria. Siku ya kumi na moja alisimamisha jiwe lake.

"Kopo la maharage liko wapi?"

"Limepumzika."

"Na wewe unataka kupumzika nalo? Mimi nilikubeba mara moja. Mgongo wangu haujasahau. Ukianguka tena, nakupitia juu naenda zangu."

"Nani amekuomba unibebe?"

"Mzigo hauombi, mjinga wewe. Unabebwa."

Jioni ile fundi aliwasha jiko. Anasema kupika hakukuwa kugumu. Mikono ilikuwa inakumbuka. Kigumu kilikuwa kukaa. Alipakua wali na yai moja, akaweka sahani mezani, akavuta kiti, akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Mwishowe alikaa na kula akiwa ameukazia macho mlango, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Kilikuwa chakula cha dakika saba. Alichoka kama aliyeshona buti kumi.

Ni wiki ya sita sasa. Simu ya kula imebaki ya Jumapili tu, siku ambayo binti hapiki na wenzake, na kila mmoja anamtumia mwenzake picha ya sahani kwanza, ili pasiwe na maneno. Siku nyingine sita fundi anakula na sauti ya jirani akimlaza mtoto upande wa pili wa ukuta.

"Upweke hauishi kwa kula," anasema. "Lakini upweke na njaa, vyote viwili kwa pamoja, hivyo ni vingi kwa mtu mmoja."

Mwaka ujao binti anahitimu, na mahali atakapopangiwa kazi hapajulikani. Fundi haombi arudi. Anachopanga ni kidogo zaidi, na anakionea haya hata kukitaja. Kwenye ratiba ya wiki hii, mbele ya neno Alhamisi, ameandika vikombe viwili. Amepiga hesabu: dengu za watu wawili zinagharimu kisigino nusu tu zaidi ya za mmoja. Hadi jana alikuwa hajamwambia mtu.

Leo, akipiga rangi buti lililokwisha kushonwa, anakohoa.

"Wewe Alhamisi jioni unakula nini?"

"Alhamisi iko mbali," anasema mnoa visu. Jiwe linazunguka.

"Mimi napika dengu na wali."

"Hongera."

Fundi anapiga brashi mahali alipokwisha kupiga. Mama mmoja anachukua kisu chake, analipa, anaondoka. Jiwe linapunguza mwendo hadi linasimama, na mnoa visu analifuta kwa kitambaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Hizo dengu unatia pilipili?"

"Kidogo."

"Basi mimi kidogo sili. Na sijui kuosha vyombo, nakwambia mapema."

Fundi anachukua penseli nyuma ya sikio. Ratiba iko nyumbani ukutani, kwa hiyo anaandika kwenye kiganja chake cheusi kwa rangi, akiikandamiza penseli ili maandishi yasomeke: pilipili, nne.