Begi la Kumi na Mbili

Nimenunua mabegi Guangzhou kwa miaka tisa, na ukiniletea mgeni aliyeshuka jana kutoka Dar naweza kumfundisha kazi hii kwa asubuhi moja. Watu huiogopa bure. Begi usilitazame usoni, kwa sababu uso wake umetengenezwa kukupendeza wewe. Lifungue, ligeuze ndani nje, utafute mshono chini ya bitana. Weka kidole gumba juu yake uhesabu. Ukipata mishono minane au tisa ndani ya upana wa gumba, endelea. Ukipata mitano, lirudishe na usione haya. Zipu ivute ikipita kwenye kona, maana kwenye mstari ulionyooka hata zipu ya hovyo hujifanya ya maana. Mwisho linuse. Begi linalonuka gundi kali limekamilika juzi, na joto la kontena litaliachanisha kabla halijakufikia.

Naanza na haya ili, nikishasimulia yaliyotokea, usidhani yalifanywa na mtu asiyejua mabegi.

Majira haya ya baridi tulipanga kwenda kaskazini kuteleza kwenye theluji. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka kumi na moja, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hununua jinzi Xintang na kuzipeleka Kariakoo. Safari ilikuwa ya binti. Amesoma hapa tangu chekechea, na kila likizo ya baridi inapokwisha wenzake hurudi darasani na picha zao wakiwa juu ya mlima mweupe, yeye hurudi na picha zake akiwa amekaa juu ya robota la mizigo. Mwezi wa tatu tunahama, tunarudi Dar moja kwa moja. Ilikuwa msimu huu au basi. Alishawaambia darasa zima kwamba atashuka kutoka juu kabisa, wala si kutoka kwenye kilima cha watoto, na walimu wakasikia. Miaka yote ile hakuwa ametuomba kitu kikubwa kama hicho.

Basi tukaanza kutafuta vifaa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba wanaouza vitu vya theluji wanawachukulia wanunuzi wao kama watoto wachanga. Fungua simu utafute begi la safari ya theluji. Hupati begi, unapata ukoo wa mabegi. Kuna begi la mbao za kutelezea, begi la buti, begi la miwani, begi la glavu, na ndani ya begi la glavu kuna kibegi cha glavu za akiba. Kuna begi la helmeti lenye sponji pande zote. Helmeti ni kitu kilichotengenezwa ili kigongwe. Mtu anayekinunulia sponji amuulize daktari, si muuza mabegi.

Mume wangu, ambaye theluji pekee aliyowahi kuigusa ni ya kwenye friza, alitazama video kwa wiki mbili akawa mtaalamu. Alitusomea orodha mezani kwa sauti ya hatibu. Nikamweleza taratibu kwamba mbao, buti na helmeti vinakodishwa hukohuko, na nguo za juu pia. Anachohitaji mtu kutoka nyumbani ni vitu vinavyogusa ngozi: fulana za joto, soksi ndefu, glavu, kofia laini ya kuvaa chini ya helmeti juu ya nywele zilizofungwa. Vyote vinaingia kwenye begi moja kubwa. Akasema kwenye video wana mabegi saba. Nikamwambia wale kwenye video ndio wauzaji.

Halafu akaja wifi yangu na sanduku lake. Lilikuwa la plastiki ngumu, rangi ya dhahabu, na kifuani limebandikwa taji na jina la kampuni ya Ulaya ambayo haijawahi kusikia habari za sanduku lile. Nilipolisukuma, gurudumu moja lilikwenda na matatu yakabaki yakifikiri. Zipu yake ningeweza kuifungua kwa kalamu. Ndani alikuwa amepanga jinzi zenye manyoya kwa ndani, za kwake, za kaka yake na za mtoto, kwa kuwa wifi yangu akiona tatizo lolote duniani huliangalia kwanza kama linavalika jinzi.

Nilimwambia jinzi ikilowa kwenye baridi ile inasimama yenyewe kama ubao.

"Si ndiyo vizuri," akasema. "Nikichoka kusimama, itanisimamisha."

"Na sanduku litapasuka kabla hujafika."

"Wifi, wewe kila kitu unakigeuza ndani nje. Siku moja utanigeuza na mimi uhesabu mishono."

Binti yangu alicheka hadi akalala sakafuni. Mimi sikucheka. Nilimdharau, nasema wazi. Nilikuwa nimemdharau kwa miaka kwa sababu ya jinzi zile, kwa sauti yake sokoni, na kwa jinsi anavyonunua kitu kwa kukitazama usoni.

Nikaenda Shiling, kwenye soko la jumla la mabegi, kutafuta begi la kweli. Mama mmoja mwenye duka huko tunajuana tangu nilipoanza kazi. Namwita laoban, yaani bosi, na yeye ananiita laoban, tunaheshimiana. Nilichambua mabegi yake kwa muda wa karibu saa mbili. Nikapata moja la turubai jeusi, mishono tisa kwa gumba, ribiti za chuma kwenye mikono, magurudumu mawili tu lakini ya mpira, na kilichonimaliza kabisa, mfuko wa siri ndani ya bitana, nyuma ya ubao wa chini. Mfuko ule hata polisi asingeupata. Nikasema nataka moja.

Mama yule akanitazama kama niliyemwambia nimefiwa. Aliuliza kwa upole kama biashara imeharibika. Shiling hakuna mtu anayenunua begi moja, na miaka tisa yote mimi mwenyewe nilikuwa nawacheka wageni wanaokuja kuomba moja. Nikaona aibu. Nikachukua katoni nzima, mabegi kumi na mawili, nikijiambia kwamba kumi na moja yataingia kwenye kontena letu pamoja na bidhaa nyingine, na moja litakwenda kwenye theluji.

Kufungasha nako nilisimamia mwenyewe, na kwa hili bado nasema njia yangu ni sahihi. Vizito viwe upande wa magurudumu. Nguo zikunjwe kama mkeka, zisilazwe. Soksi zijaze pembe. Mume wangu alipiga magoti juu ya begi kama anavyopiga magoti juu ya marobota, kikaingia kila kitu na nafasi ikabaki. Kisha nikamwita binti nikamwonyesha mfuko wa siri. Nikamwambia msafiri anajua hati yake ilipo hata akiwa amefumba macho, na kwamba sasa ni mkubwa, atunze yake. Akaitia pasipoti yake mwenyewe kwa mikono miwili, akafunga, akapapasa juu ya bitana kuhakikisha haionekani. Alifurahi mno.

Halafu nikachukua maka peni.

Hapa inabidi nieleze. Kila mfanyabiashara wetu hapa ana alama yake ya mzigo, herufi chache na jina la mji mzigo unakokwenda. Huandikwa kubwa, nyeusi, pande mbili. Kwenye stoo ya kargo vijana wanaopakia hawajui Kiswahili wala hawakujui wewe, wanajua alama yako. Kitu chenye alama kinafika. Kisicho na alama kinapotea. Nimeandika alama ile mara nyingi hivi kwamba mkono hauniulizi tena. Mabegi kumi na moja nilishayaandika asubuhi ile. La kumi na mbili lilikuwa mbele yangu, limejaa, zuri, na nilitaka lisipotee uwanja wa ndege. Nikaandika herufi zetu tatu, na chini yake DAR, upande wa kwanza na wa pili. Mume wangu alikuwa anatazama. Wifi yangu alikuwa anatazama. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya kuamkia safari nilitoka asubuhi kununua soksi nyingine. Niliporudi adhuhuri, ukumbi wa kuingilia ulikuwa mtupu, umebaki na sanduku la dhahabu pekee yake. Mume wangu alikuwa na furaha. Akasema kargo wamewahi leo, wamebeba kila kitu, na hakuwa amesumbuka hata kidogo. Aliwaambia tu wachukue vyote vyenye alama.

Niliuliza begi letu liko wapi. Akaangalia pale lilipokuwa, kisha akaniangalia mimi.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Alisema polepole, "Mama, pasipoti yangu imo."

Hapa mtoto wa kigeni bila pasipoti hapandi ndege, hata iwe ya ndani. Ndege yetu ilikuwa kesho yake alfajiri. Na kontena, nilijua saa yake kwa kuwa niliipanga mimi: lori linaondoka stoo kwenda bandarini saa kumi jioni.

Tulifika stoo saa nane na nusu. Wifi yangu alikuwa kule tangu asubuhi akisimamia jinzi zake, maana kontena tulichangia. Mizigo yetu ilikuwa imeingia mwanzo, imesukumwa hadi ukutani, na baada yake zikapangwa jinzi, robota juu ya robota, hadi karibu na mlango. Msimamizi wa upakiaji alinisikiliza akiwa anakunywa chai, akasema mei you, neno ambalo mgeni hujifunza siku ya kwanza: hakuna. Hakuna njia, hakuna muda. Mzigo ulio mbele ni wa mtu mwingine, na mwenye mzigo hawezi kukubali, kwa sababu kitakachoshushwa huenda kisirudi ndani kabla ya lori kuondoka.

Mwenye mzigo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Jinzi zile zilikuwa za sikukuu ya Idi. Wateja wake walikuwa wanazisubiri, na meli inayofuata ingefika sikukuu imepita. Jinzi ya sikukuu ikifika baada ya sikukuu ni kitambaa tu.

Sikuweza kumwomba. Nimefundisha watu wengi kujadiliana bei katika mji huu, nikiwahimiza wafungue mdomo, kwamba neno la kwanza ndilo gumu. Mdomo wangu haukufunguka. Binti yangu naye hakulia. Alikuwa anayahesabu marobota kwa macho, safu kwa safu, na nilijua anahesabu kama yuko shuleni, akitafuta jibu dogo kuliko lililopo.

Wifi yangu akamtazama yeye, si mimi.

"Ulisema utashuka kutoka juu kabisa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Si kwenye kile kilima cha watoto?"

"Hapana."

Akamgeukia msimamizi akamwambia kwa Kichina chake cha sokoni, kibovu na chenye sauti kubwa, washushe. Kisha akanigeukia.

"Wifi, huo mfuko wako uwe wa siri kweli. Nashusha suruali za watu."

Walishusha marobota ishirini na tatu. Yale mabegi kumi na moja matupu yalitoka kwanza, yamefungwa pamoja, na nyuma yake, limebanwa na ukuta, la kumi na mbili. Halikuwa limechanika popote. Mshono ulikuwa umeshika, zipu ilipita kona bila kusita. Nililifungua pale sakafuni mbele ya watu wote. Msimamizi aliinama akapapasa ndani ya bitana, akashindwa kuona kitu, akakubali kwa kichwa kwamba begi ni zuri. Ilinichoma kuliko tusi. Nikamwachia binti aitoe pasipoti mwenyewe.

Kurudisha mzigo kulichelewa. Saa kumi ilipofika, marobota tisa ya jinzi yalikuwa bado chini, na lori likaondoka. Wifi yangu alikaa juu ya mojawapo akapiga simu Kariakoo. Nilimsikia akimwambia mteja kwamba sehemu ya mzigo imechelewa, kargo wana mambo yao, awe na subira. Hakunitaja. Mimi ningemtaja. Najijua, ningemtaja yeye, sanduku lake na jinzi zake, tena kwa furaha.

Alfajiri uwanja wa ndege, sanduku la dhahabu lilipasuka zipu kwenye mizani, kama nilivyosema litapasuka, na jinzi zenye manyoya zikamwagika mbele ya foleni. Nilikuwa nimengoja wiki nzima kuwa sahihi. Nilipiga magoti, nikazikunja kama mkeka moja baada ya nyingine, nikalizungushia sanduku soltepu mara sita. Binti yangu alikuwa amesimama kando yetu ameshika pasipoti mkononi. Hakukubali kuitia mfukoni tena, na sikumlazimisha. Akauliza kama tuandike alama juu ya soltepu.

"Acha," tukasema, mimi na wifi yangu, kwa pamoja.

Siku ya tatu alishuka kutoka juu kabisa. Sehemu kubwa ya njia alishuka kwa makalio. Shangazi yake alimpiga picha alipofika chini, mtoto amevaa ile jinzi ya manyoya, imelowa ikaganda, imesimama kama ubao.