Fundi Aliyenipandisha Pikipiki

Jirani yangu fundi ana grisi mikononi tangu gharika ya Nuhu, na sikio lake husikia hata kutu ikiota. Hakai. Chai anaimalizia wima, bisibisi ikiwa nyuma ya sikio. Asubuhi moja mkunga alimletea pikipiki yake mpya, ile ndefu ya lami na porini, afungiwe keria na vyuma vya kukinga injini, tena upesi: ng'ambo ya mlima kulikuwa na mama mwenye uchungu wa kujifungua, aliyetakiwa kuletwa hospitali. Fundi alifunga vyote, kisha akainamia cheni.

"Imekaza mno. Mkiwa wawili itakatika mlimani."

"Si imetoka dukani hivi hivi, fundi?"

"Dukani haikubeba mtu, dada."

Akamkalisha mkunga juu ya pikipiki. Akakitazama kiti cha nyuma, halafu akanitazama mimi niliyemletea chai.

"Bibi, panda."

"Wewe, unataka kunioa au kuniua?"

"Uwe yule mama, niipime cheni."

Nikapanda na uzito wangu wote, na wa marehemu mume wangu juu yake. Springi zikadidimia, cheni ikakaza kama waya wa kuanikia nguo. Akailegeza taratibu, akiipima kwa vidole viwili, mkunga akimsonya kila dakika.

Jioni honi ililia tangu kona. "Wa kike!" mkunga akapaza sauti. "Wazima wote!" Fundi alichuchumaa, akaitikisa cheni kwa vidole vilevile viwili. Kisha akakaa chini, mavumbini, akaniomba chai.