Nilivyowashusha Ghorofa Mbili

Ubao wa tangazo ulipigiliwa kwenye mwarobaini ulio mbele ya nyumba ya shangazi yangu, katikati ya Malindi, wiki ya tatu tangu afiwe na mumewe. Ulikuwa na picha ya jengo la ghorofa tano, vioo kutoka chini hadi juu, na wanawake wembamba wakitembeza mbwa. Hakuna hata mmoja aliyevaa buibui. Nilisimama nikawacheka kwa sauti. Kisha nikaona mchoro mdogo chini ya picha, ule wa kuonyesha hali ya sasa ya mahali. Msikiti ulikuwepo. Duka la vifaa vya ujenzi la jirani Mhindi lilikuwepo. Pale ilipo nyumba ya shangazi paliandikwa: kiwanja kitupu.

Nyumba hiyo, vyumba vitatu na ua, ilijengwa na shangazi na mumewe juu ya ardhi ya mtu mwingine, ileile lilipo duka la jirani. Huku kwetu hilo si ajabu, kuta zikawa zako na udongo ukawa wa mwenzio. Mwenye udongo alikuwa mzee muungwana asiyemsumbua mtu. Alipokufa, warithi wake wanaoishi mbali waliamua kwamba nyumba wasiyoiona haipo.

Nilikwenda ofisi za kaunti kuuliza. Karani, mama wa makamo aliyekuwa akimenya chungwa juu ya mafaili, alinieleza bila kuinua uso. Kutakuwa na mkutano wa kupokea maoni, na siku hiyo ndiyo mwisho wa kupinga. "Mwalimu, usihangaike na mengi. Mtu asimame aseme kuna nyumba pale na yumo anayeishi. Ikishaandikwa kwenye kumbukumbu, wenye jengo hawapitishiwi mpaka wamalizane naye. Isipoandikwa, basi."

Shangazi alitaka kwenda mwenyewe. Alikuwa edani, miezi minne na siku kumi asitoke nyumbani ila kwa dharura, lakini aliniambia kama hii si dharura basi yeye haijui dharura. Mimi ndiye niliyemkataza. "Watu watasemaje, shangazi? Udongo wa kaburi haujakauka. Niachie mimi."

"Basi ukaseme alivyokwambia karani."

"Nitasema hayo na zaidi."

"Hayo tu, mwanangu."

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika sekondari moja huko Magarini, na nimewafunza watoto wa watu mijadala mpaka wakarudi na vikombe. Maneno ya watu kuhusu eda hayakunishughulisha hata kidogo. Nilitaka kusimama mimi. Nalisema hili sasa kwa kuwa halimsaidii mtu tena.

Ukumbi ulijaa siku hiyo. Msanifu wa jengo alikuwa kijana wa suruali ya kubana aliyetusalimu "hamjambo wazee" na safu zote za mbele tumejaa wanawake. Akawasha projekta yake. Akatueleza kwamba mji wetu umelala na yeye amekuja kuuamsha.

Hapo nikapandwa na mori. Nilisimama kabla sijaitwa. Nikamuuliza kama mamake huoga hadharani, kwa sababu kutoka ghorofa ya nne ya jengo lake mpangaji ataona kila mwanamke wa mtaa akianika nywele uani kwake. Nikamuuliza upepo wa kusi utapitia wapi, chini ya mlango? Alipojaribu kujibu nikamsahihisha sarufi mbele ya ukumbi mzima, na watu wakacheka hata akakaa chini akipangusa miwani. Wanawake walipiga vigelegele. Nilimwona anazima projekta yake, na nikaendelea, kwa kuwa ilikuwa tamu.

Afisa wa mipango, bwana mtulivu aliyekuwa mwenyekiti, akaninyooshea mkono. "Mwalimu, jengo likishushwa likawa la ghorofa tatu, na madirisha ya upande wa nyua yakawekwa juu, utaridhika?"

Ukumbi mzima ulinigeukia ukinisubiri mimi. Sijapata kusubiriwa hivyo maishani, wala siku ya harusi yangu.

"Likiwa la tatu," nikasema, "sina neno."

Makofi yale nayasikia hadi leo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine. Mzee wa duka la vifaa vya ujenzi akasimama, karatasi mkononi. "Duka langu lipo kwenye kiwanja hiki na mimi nimo ndani yake. Naomba liandikwe." Akangoja mpaka akaona kalamu ya katibu imetembea, kisha akakaa. Nilimwinamia mwanamke aliyekaa kando yangu nikamnong'oneza kwamba maskini huyu kaja mkutanoni kutangaza biashara. Tukacheka sote wawili. Dua ikasomwa, mkutano ukafungwa.

Nilirudi kwa shangazi nikipita barabara ya mbali ili nipongezwe. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka chumbani, nguo nyeupe, miguu ameikunja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Enhe?"

Nikamsimulia yote. Nilimwigiza kijana na miwani yake, nikamwigiza afisa, na shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamwambia tumewashusha ghorofa mbili nzima. Alinipigapiga goti. Kisha akauliza, "Na nyumba?"

"Nyumba gani?" nikasema.

Sikulisema kwa ubaya. Kichwa changu kilikuwa bado kwenye ghorofa. Lakini nilimwona uso ukizimika, na nilipokumbuka nilichotumwa nilikuwa bado nina tabasamu mdomoni, sikujua nilipeleke wapi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa karani kabla ofisi haijafunguliwa. Alinitafutia ukurasa, akaugeuza upande wangu. Niliandikwa mwakilishi wa majirani, na mbele ya jina langu waliandika kwamba, baada ya jengo kupunguzwa, hana neno. "Mimi nilikwambia mambo mawili tu, mwalimu," akasema. Niliandika barua ya kurasa sita, yenye vifungu na vijifungu. Ilipigwa muhuri wa kupokelewa na sikupata kuisikia tena.

Shangazi hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Aliniuliza tu, siku hiyo niliyorudi na nakala ya barua, kama kijana wa projekta ana mama, nami nikasema sijui. "Utakuwa umemuumiza bure," akasema, akageukia ukutani.

Tingatinga lilifika zikiwa zimebaki wiki mbili eda iishe. Mwakilishi wa warithi alikuwa na heshima zake, aliacha viatu mlangoni, akasema wamesubiri kadiri walivyoweza kwa ajili ya hali ya mama. Tulimtoa shangazi mchana, wanawake tumemzungushia kanga nne tukizishika pembe, tukivuka barabara naye katikati, huku vijana wa bodaboda wakizima pikipiki na kutazama kando kwa adabu. Mimi nilishika pembe ya mbele. Nilijaribu kusema jambo na akaniambia tembea.

Jengo limekwisha sasa, ghorofa tatu, madirisha ya nyuma yako juu kama nilivyotaka. Watu hunisimamisha njiani kunishukuru. Wanasema ningekuwa bungeni. Mzee wa vifaa vya ujenzi amepewa duka kwenye kona ya chini, lina kiyoyozi, na kila nikipita huniita niingie nipoe. Siingii, na humchukia kwa uungwana wake, ingawa hakunikosea kitu.

Shangazi yuko kwangu, chumba cha mwisho. Anakula ninachopika, anasema ahsante kila mara, na hiyo ahsante yake hunikata kuliko kisu. Akija mgeni hujieleza mwenyewe, hata kama ni kuhusu dawa zake ambazo mimi ndiye ninayezijua.

Juzi nilimpeleka kliniki kwa ajili ya presha. Foleni ilikuwa ndefu, tulikaa benchi moja. Tulipofika dirishani muuguzi akafungua kitabu, akauliza jina la mama, shangazi akamwambia. Akauliza umri, akaambiwa.

"Na mama unaishi wapi?"

Nilifungua mdomo. Ni mazoea, sikukusudia. Shangazi alinyanyua mkono, akanifunika mdomo kwa kiganja chake mbele ya watu wote, akakishikilia hapo, kikavu na chepesi.

"Naishi kwa mtu," akamwambia muuguzi.

"Mtu gani, mama?"

"Mtu tu. Andika hivyo."

Alingoja mpaka akaona kalamu imeandika, ndipo akaniondolea mkono.