Mama Koleo na Kipande Kilichopungua

Mama yangu ni mwoga. Sisemi hivi kumvunjia heshima, mwenyewe anakiri. Akifunga mlango anarudi kuusukuma mara mbili. Akizima jiko anaweka kiganja juu yake kuhakikisha. Baba alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi yao, badala ya kuangalia keki, aliangalia paa la ukumbi kama lina misumari ya kutosha.

Kazini wanamwita Mama Koleo. Yuko jikoni kwenye hoteli moja ya zamani, na juu ya jiko hilo kuna ukumbi wa mbao. Kila mwaka, Jumamosi moja mchana, watu tisa hukutana humo kuonja mvinyo. Si kulewa, kuonja. Wanaleta chupa za Kifaransa zilizolala gizani miaka thelathini, arobaini. Wanazungusha glasi, wananusa, wanapiga funda moja na kulitema kwenye ndoo ndogo. Mpishi mkuu huwa anasema, "Mimi nikitema kitu kizuri namna ile, marehemu mama atanitokea ndotoni."

Mwisho wa yote wanakunywa porto, mvinyo mzito mtamu wa Kireno, na huo hawautemi. Hapo ndipo Mama anapohitajika. Chupa ya porto ikishazeeka sana, kizibo chake kinaoza. Ukikiingizia kizibuo kinabomoka kama mkate mkavu. Kwa hiyo chupa haizibuliwi, inakatwa shingo. Mama anaweka koleo kwenye moto wa gesi mpaka midomo yake iwe myekundu, anaikaba nayo shingo chini ya kizibo, anahesabu hadi sitini, anaondoa, kisha anapitisha hapo kitambaa kilicholowa maji ya barafu. Kioo kinalia tik. Shingo inatoka na kizibo chake ndani, imekatika sawa kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Alifundishwa na mhudumu mmoja mzee kabla hajastaafu, na pale hakuna mwingine anayethubutu.

Hajawahi kuipenda kazi hiyo. Wiki ikikaribia chakula hakimpiti. Ndiyo maana alijiwekea utaratibu wake. Akishakata, anachuja mvinyo kwa kitambaa cheupe kuingia kwenye jagi la kioo. Halafu anairudisha shingo juu ya chupa tupu, anaizungusha hadi kingo zikutane, na kuangalia pande zote. Zikikutana, ndipo anaruhusu jagi lipande juu.

Mwaka ninaousimulia, utaratibu huo ulivurugwa na mwenye chupa mwenyewe. Ni mzee mmoja mwembamba, daktari wa upasuaji aliyestaafu, na chupa ile baba yake aliinunua mwaka aliozaliwa yeye. Alishuka jikoni kwa fimbo yake, meneja akimfuata nyuma.

"Mama Koleo, mwaka huu usichuje," alisema. "Kitambaa kinaiba harufu. Mimina kwa mkono tu, mashapo yabaki chini."

"Mzee, mimi nimezoea kuchuja."

"Najua. Ila hii ndiyo ya mwisho. Nikiikosea hii sina nyingine."

Mama alimtazama meneja. Meneja akaitikia kwa kichwa. Basi.

Alikata. Kioo kililia, na mpaka leo Mama anasema alisikia milio miwili, mmoja mdogo nyuma ya mwingine. Lakini mikono ilikuwa imeshashika chupa. Alimimina taratibu huku mshumaa ukiwaka nyuma ya bega la chupa ili aone mashapo yakianza kuja, na yalipofika akaacha. Akageuka kunawa. Aliporudi, jagi halikuwepo. Meneja alikuwa amelipeleka juu ili mvinyo upate hewa mbele ya wageni.

Mama akachukua shingo, akaiweka juu ya chupa, akaizungusha. Upande mmoja kulikuwa na pengo. Dogo, kama nusu punje ya mchele. Mwanga wa dirisha ulipita hapo.

Alipiga magoti akapapasa sakafu. Akakung'uta kitambaa cha barafu. Akamwaga mashapo kwenye sahani na kuyasambaza kwa kijiko. Akachungulia ndani ya beseni, chini ya jiko, kwenye midomo ya koleo. Hakuna kitu.

"Unatafuta hereni?" mpishi mkuu aliuliza.

"Natafuta kioo."

Mpishi aliacha kutania. Naye akainama kutafuta.

Meneja aliposhuka Mama alimwonyesha pengo. Meneja hakuigusa hata hiyo chupa.

"Kimeangukia chini hapo. Kifagiwe."

"Tumeshatafuta, bosi. Kama kimo kwenye jagi, kioo kinazama. Atakayepata glasi ya mwisho ndiye atakayekimeza."

"Mama Koleo, mwezi wa tatu ulisema gesi inavuja. Tukafunga jiko siku nzima, fundi akaja, ilivuja?"

"Haikuvuja."

"Mwaka juzi ukasema lifti ina mlio. Ilikuwa na nini?"

Lifti haikuwa na kitu.

"Wako chupa ya sita sasa hivi, wamefurahi. Ukipanda kule kuwatia watu hofu, usirudi jikoni kwangu." Akapandisha ngazi.

Ilikuwa imebaki mivinyo miwili kabla ya porto. Mama alisimama akiwa ameshika shingo ile ndani ya kiganja. Alijua utaratibu wa wale watu kama anavyojua wa kwake: mwenye chupa anawamiminia wenzake wote, yeye anajimiminia mwisho. Na Daktari hanywi kama wengine. Anafumba macho, anainua uso, anaachia iteremke. Kioo kikiteremka kwenye koo la mzee wa umri ule, nani atajua mpaka damu ianze? Halafu akafikiria jikoni. Miaka kumi na minane. Akatufikiria sisi. Nikimuuliza alifikiria nini zaidi anasema hakumbuki, anakumbuka tu kwamba ngazi zilikuwa nyingi kuliko siku zote.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Meza ndefu, kitambaa cheupe, glasi kama sabini zikiwa zimepangwa mistari, kila moja na rangi yake ya matofali. Bibi mmoja mwenye miwani alikuwa anasema mvinyo ule unanuka ngozi ya viatu na majani yaliyolowa, mwenzake anamwambia hiyo ni harufu ya mkoba wake, na wote wanacheka. Jagi lilikuwa mbele ya Daktari. Alikuwa ameshaliinua.

"Mzee, naomba usimimine."

Sauti ilitoka ndogo, lakini walimsikia. Kicheko kikakatika. Meneja, aliyekuwa dirishani, alimkata jicho ambalo Mama anasema bado analiona.

"Kuna nini, Mama Koleo?" Daktari aliuliza.

"Chupa yako imepungua kipande. Sijui kilipo."

Alifungua kiganja. Daktari aliweka jagi chini na kuagiza chupa tupu iletwe. Akavaa miwani, akazungusha shingo mwenyewe mpaka akalipata pengo. Akalipapasa kwa ukucha.

"Mimi nilikuwa sishoni tumbo la mtu mpaka vitambaa vyote vihesabiwe," alisema. "Kikikosekana kimoja, tunasimama hapo hapo, hata kama mgonjwa yuko wazi. Leteni kitambaa."

"Lakini harufu," bibi wa miwani alisema.

"Shemeji, harufu itanisamehe."

Walichuja pale mezani. Mama alishika kitambaa, Daktari alimimina. Tone la mwisho likapita. Mama akakifungua kitambaa kwenye mwanga. Vumbi jeusi la mashapo, basi. Akapitisha kidole ndani ya jagi, chini na pembeni. Hakuna.

Hakuna aliyemsema. Hicho ndicho kilichomuumiza. Bibi wa miwani alinusa glasi yake, akaiweka mbali kidogo. Daktari alijimiminia mwisho, akanywa kidogo kidogo, macho wazi. Mama alisimama ukutani akitazama koo lake likipanda na kushuka hadi glasi ikaisha. Meneja hakumfukuza mbele ya wageni. Jumatatu yake alimwambia aende chumba cha kufulia, akafue vitambaa vya meza.

Jioni ile ya Jumamosi alifika nyumbani, akavua aproni. Nilichukua aproni yake nikaiweka kwenye beseni, nikakunjua mfuko wa mbele kutoa makombo, na kitu kikanichoma chini ya ukucha. Nusu punje ya mchele, kijani ya giza, imeshikwa na uzi wa mshono.

Nilimpelekea. Alikiangalia, akanishika kidole kuona kama nimeumia sana, ndipo akakaa chini na kuanza kutetemeka, kutetemeka kwa mtu aliyetoka kwenye maji baridi. Nilimwambia, "Mama, si kimeonekana? Hakikuwa kwenye mvinyo." Akasema, "Ndiyo. Lakini nilikuwa sijui."

Alifua vitambaa mwaka mzima. Jumamosi ile ilipozunguka tena, mgeni mwingine alileta porto yake, na jikoni hakukuwa na wa kushika koleo. Meneja alishuka chumba cha kufulia mwenyewe. Mama alimwambia atakuja, ila jagi litakaa jikoni mpaka yeye aseme. Meneja akasema sawa.

Kile kipande anacho, ndani ya kiboksi cha kiberiti, juu ya kabati. Kila asubuhi kabla ya kutoka anakifungua, anahakikisha kimo, anafunga. Kisha anausukuma mlango mara mbili.