Mshale Ulikuwa wa Charo

Wakaazi wa yale maghorofa ya Kiembeni walimpenda Charo wa Nguma kama mtu anavyopenda pazia lake la sebuleni. Nimesema, na sifuti neno. Mimi Nyamvula nauza mboga kando ya geti lao, na nimekaa na huyo mzee miaka mingi kuliko aliyokaa na mkewe, aliyebaki kijijini Ganze akilima.

Charo alikuwa askari wa geti. Askari wa majumba mengine walipewa rungu na tochi, yeye akaja na upinde wake, na podo la ngozi lenye mishale, akalitundika kwenye msumari ndani ya kibanda. Sumu hakuweka. Alisema mwizi wa Kiembeni akiona tu ule upinde atakumbuka kwao. Wageni wakija walipiga naye picha. Picha moja ikaingia kwenye kalenda ya mtaa, mzee kakunja uso, chini pameandikwa "Ulinzi wa asili". Siku aliposhikwa na malaria, hakuna mwenye kalenda aliyekwenda kumjulia hali. Uji nilimpelekea mimi.

Nisimfanye malaika. Charo alikuwa mkaidi, hashauriki, na alikoroma mchana hadi paka wakahama kibandani. Mara moja alininunia wiki nzima kwa kumwambia kofia yake inanuka, na ilikuwa inanuka kweli. Lakini ukitaka kumtoa kwenye kununa, muulize habari za baba yake.

Baba yake alikuwa mwindaji zamani, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji. Walikwenda porini kwa kundi, na kila mtu alichoma alama yake kwenye wano, ule mti wa mshale, pale chini ya manyoya. Alama ya kina Nguma ni mistari mitatu, na Charo aliirithi. Mnyama akianguka, mkubwa wa kundi aling'oa mshale akauliza, "Mshale wa nani?" Mwenyewe husema, "Wangu." Husema hata kama umempata mbwa wa mwenzake, hata kama ni aibu tupu. Kisha hunyamaza, angoje swali la pili: "Na mkono wa nani?" Kwa sababu porini watu huazimana mishale. Anayetaja mkono kabla hajaulizwa huonekana anaukimbia mshale wake, na hakuna atakayewinda naye tena.

Siku moja Maxwell wa ghorofa ya pili alikuja kibandani akashika ule upinde, akavuta kamba kwa kidole, akacheka. Maxwell ni kijana wa kutoka bara, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na alikuwa amejinunulia upinde wa kisasa wenye vigurudumu kwenye ncha. Hana ubaya wa kukutukana. Ubaya wake ni mwingine.

"Mzee, hii kamba ni nailoni bana," akasema. "Hii si ya asili, umetupiga."

"Baba yangu alisokota mishipa ya mnyama," Charo akamjibu. "Mnyama sasa ni wa serikali, nami sitaki kufungwa. Nailoni inavuta."

Maxwell alipoondoka, mzee akanigeukia. "Nyamvula, upinde hata fundi wa vitanda atachonga. Yale maswali mawili ndiyo uwindaji wetu. Bila hayo sisi ni watu wanaotupa miti tu."

Sasa sikiliza kilichotokea. Jumamosi mchana lilikuja boza, lile lori la maji, na Charo akawa nyuma yake akilielekeza lirudi kinyumenyume hadi kwenye tangi. Maxwell alikuwa nyuma ya nyumba na upinde wake wa vigurudumu. Mishale yake ya dukani alikwisha kuivunja yote ukutani. Akaingia kibandani bila kubisha hodi, akachomoa mshale mmoja wa Charo, akatoka. Nami nilikuwa nachambua mchicha, nikadhani ameruhusiwa. Punde akarudi mikono mitupu, uso umempauka.

"Mzee, mshale wako umeruka ukuta," akamwambia Charo. "Umempata mbuzi wa yule mama jirani. Lakini usijali, nitasema mimi mwenyewe."

"Utasema?" Charo akauliza.

"Nitasema."

Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Mbuzi alikuwa wa Bi Mwanasaumu, mjane anayekaa upande wa pili wa ukuta, mbuzi wa maziwa aliyemlea tangu akinyonya. Alikufa kabla ya magharibi. Jumapili, watu waliporudi kutoka kanisani, mwenyekiti wa wakaazi aliitisha mkutano chini ya kile kibanda cha magari. Mwenyekiti ni Purity, mhasibu, mama mwenye haraka kila wakati. Bi Mwanasaumu alikuja na mshale ameufunga ndani ya gazeti, akauweka mezani, akaketi.

"Mzee Charo," Purity akaanza, "huu mshale ni wako?"

Charo aliutazama bila kuugusa. Mistari mitatu ilikuwa pale pale. "Ni wangu, mama."

Kisha akanyamaza, mikono nyuma, akangoja. Mimi nilijua anangoja nini. Maxwell naye alikuwa safu ya pili, kwenye kiti cha plastiki, anapekua simu. Nikamkodolea macho mpaka yakaniuma. Hakuinua kichwa.

"Basi amekiri," Purity akasema. "Tunakushukuru kwa ukweli wako, mzee. Kwa usalama wa wote, nadhani tunakubaliana kazi yake iishie mwezi huu?"

Mikono ikanyooshwa. Wale wale wa kupiga naye picha! Mmoja akaomba upinde ubaki, utundikwe getini, kwa kuwa ni kitu cha asili na unapendeza. Wengine wakaitikia kuwa hilo ni wazo zuri. Mtu anafukuzwa kama mbwa, na fimbo yake inaombwa ibaki kuwa pambo! Purity akageuza karatasi yake kwenda kwenye ajenda nyingine, na mzee bado amesimama, bado anangoja kuulizwa.

Nikaingia kati na karai langu mkononi. "Mwenyekiti, bado swali moja."

"Mama mboga, huu ni mkutano wa wakaazi."

"Mchicha wangu unakaa matumboni mwenu kila siku. Leo nami nitakaa kidogo mkutanoni mwenu."

Wengine wakacheka, Purity hakucheka. Bi Mwanasaumu ndiye aliyeinua mkono. "Mwacheni. Kama yeye hana haki ya kuuliza, mimi ninayo, mbuzi alikuwa wangu. Swali gani, mwanangu?"

"Muulize mkono ulikuwa wa nani."

Bi Mwanasaumu akamgeukia Charo taratibu. "Kakangu, mshale wako nimeuona. Mkono ulikuwa wa nani?"

Charo akashusha pumzi, nikaona mabega yake yakilegea. "Wa Maxwell," akasema.

Wahenga walisema ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Huu wa Maxwell haukujitenga, ulibaki umeketi kwenye kiti chake cha plastiki. Watu wote wakamtazama.

"Mzee, mbona hukusema mapema?" Purity akauliza, kana kwamba Charo ndiye mkosaji.

"Hamkuniuliza."

"Aki mwenyekiti, mimi nilikuwa nangojea ile sehemu ya mambo mengineyo," Maxwell akasema. "Na mbuzi nitalipa. Hakuna shida."

Hakuna shida! Mzee amesimama wima wamemvua kazi mbele za watu, naye anapekua simu, halafu hakuna shida.

Purity alifurahi kama mtu aliyeondolewa jiwe kiatuni. "Basi yameisha. Mzee Charo, samahani kwa usumbufu, endelea na kazi yako kama kawaida. Tunakupenda sana hapa, unajua."

Charo akageuka. Alikwenda hadi safu ya pili, akasimama mbele ya Maxwell. Hakupaza sauti. "Kijana, mwambie Bi Mwanasaumu kwamba mkono ulikuwa wako. Neno hilo tu."

"Si nimesema nitalipa?"

"Nimesikia kulipa. Nangoja hilo lingine."

Maxwell aliangalia huku na huku akitafuta wa kumcheka mzee pamoja naye. Akapata wawili watatu. "Mzee wacha drama," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Charo alingoja kidogo tena. Tena kwa upole, upole ambao mimi sina. Nilitamani kumwagia Maxwell karai zima la maji ya mchicha, Mungu anisamehe. Kisha mzee akafungua mkufu wa funguo kiunoni mwake, akaziweka mezani mbele ya Purity.

"Mzee, lakini tumesema yameisha," Purity akasema.

"Mama, askari wa geti huwapa watu wake mgongo, macho yake yawe njiani," Charo akasema. "Kila siku mimi nawapa nyinyi mgongo. Huyu siwezi kumpa."

Akaingia kibandani akachukua upinde wake na podo lake na ile kofia, akapita getini. Bi Mwanasaumu akainuka akamfuata. Pale chini ya kibanda cha magari walikuwepo watu wazima tele, wenye shahada na wenye magari, na hata mmoja hakumwambia Maxwell amjibu mzee. Purity akazifunika zile funguo kwa karatasi yake, akasoma ajenda ya rangi ya ukuta.